Maji yameshuka sm 41, ukingo umerudi mita 34: kosa liko kwenye picha au kwenye bwawa?

#1 Mpimaji wa Uyui
Wakuu, mwangaluka.

Kuna bwawa la tuta la udongo huku Uyui, Tabora. Mwezi wa tano lilikuwa na eneo la maji kama hekta 20. Kila katikati ya mwezi tunalipiga picha kutoka kwenye mtumbwi ili kiangazi kikiisha kijiji kiwe na kumbukumbu ya kuonekana kwa macho, si maneno ya "mwaka huu yamepungua sana".

Vifaa: mtumbwi wa mbao wa mita 5, upondo mmoja, kamera yenye kihisi cha upana wa mm 36 na pikseli 6000, lenzi ya mm 50 isiyo na zumu. Tunasimama mita 120 kutoka ukingo wa magharibi kama ulivyokuwa mwezi wa tano, kwa kufuata nukta ya GPS ya simu. Kamera iko mita 1.2 juu ya maji. Karibu na tuta kuna rula ya maji ya bati iliyofungwa kwenye bomba la chuma.

Kuanzia katikati ya mwezi wa tano hadi katikati ya mwezi wa nane, siku 92, rula inasema maji yameshuka sm 41. Mwezi wa tano tulipima mteremko wa upande wa magharibi kwa fimbo tukapata kila mita 4 kina kinaongezeka sm 10. Kwa hiyo ukingo ulipaswa kurudi mita 16 na kidogo. Picha zinasema mita 34. Upande wa mashariki, kwenye changarawe ngumu, mteremko ni 1 kwa 15 na ukingo umerudi mita 6, sawasawa na hesabu.

Hizo mita 18 za ziada za magharibi zimetoka wapi?

#2 Fundi Timazi
Swali zuri. Kwanza tujue fimbo yako ilipima umbali gani. Ukingo wa bwawa la udongo hauendi na mteremko mmoja kama paa la bati. Mara nyingi mita za kwanza ni kali kidogo kwa sababu mawimbi yamekula udongo, halafu mbele panalala kabisa. Ukipima mita 10 za mwanzo ukadhani ndivyo ilivyo hadi katikati, hesabu itakutupa.

#3 Mpimaji wa Uyui
Tulipima hadi mita 40 ndani, kila mita 4. Mteremko ulikuwa karibu ule ule mpaka mwisho, sm 100 kwenye mita 40.

#4 Kasia la Kibirizi
Salaam kutoka Kigoma. Mkuu, mimi naanzia kwenye GPS ya simu. Mahali pa wazi inakosea mita 3 hadi 5, na leo inakosea kulia, kesho kushoto. Ukisimama mita 4 nyuma ya pale uliposimama mwezi wa tano, ukingo kwenye picha umerudi mita 4 kabla hata maji hayajapungua.

Tumia njia ya wavuvi. Wakitaka kurudi kwenye mwamba ule ule wenye samaki hawatazami simu. Wanachukua vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, kimoja karibu kimoja mbali, mfano mwembe wa ufukweni na ncha ya kilima nyuma yake. Vikifunikana, uko kwenye mstari. Kisha wanachukua jozi ya pili upande mwingine, mistari miwili ikatane karibu na pembe mraba. Pale inapokatana ndipo penyewe. Mtumbwi ukisogea hata mita moja unaona mwembe unaachana na kilima. Kama bwawa lako halina miti ya kufaa, simika nguzo mbili mbili: ya mbele fupi, ya nyuma ndefu, zote zipakwe chokaa. Kadiri nguzo hizo zinavyoachana ndivyo jicho linavyokamata kosa dogo.

#5 Picha na Maji
Naungana na #4 kuhusu alama, ila tatizo kubwa liko kwenye pembe. Twende kwa hesabu, mtaona.

Kamera iko mita 1.2 juu ya maji, ukingo uko mita 120. Macho yanateremka mita 1.2 kwa kila mita 120, yaani mita 1 kwa 100. Unautazama ukingo karibu kwa ubavu. Kwa kamera hiyo na lenzi ya mm 50, pikseli moja ina upana wa mm 0.006 kwenye kihisi. Ukingo ukirudi mita 10 juu ya tope tambarare, kwenye picha unapanda pikseli 6 tu. Mita 34 zako zote ni pikseli 18. Ukikosea pikseli 4 katika kuchagua mstari wa maji unaanzia wapi, umekosea mita 8 au 9.

Sasa linganisha na kupima kimo. Nguzo iliyosimama wima pale pale mita 120, pikseli moja ni sm 1.4. Yaani picha hiyo hiyo ni hodari wa kusoma kupanda na kushuka, na ni dhaifu mno kwa kusoma kwenda mbele na kurudi nyuma. Ukiinua kamera hadi mita 4 kwa mlingoti, zile mita 10 zinakuwa pikseli 21. Hapo angalau unaweza kubishana na mtu.

#6 Mzee wa Tuta
Vijana mnapiga hesabu nyingi, mimi naona tope. Mabwawa yetu yanajaa mchanga. Tope likiingia, pwani inalala, na maji yakishuka kidogo tu yanaondoka mbali. Angalieni mabwawa ya zamani yote ya mkoa huu.

#7 Mwana Malagarasi
Mzee wangu, shikamoo. Tope ni kweli linajaza mabwawa, lakini linaingia na mafuriko. Huku kwetu mvua ni kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne. Mleta uzi anazungumzia mwezi wa tano hadi wa nane, mito imekauka. Hakuna kitu cha kuleta tope jipya ndani ya siku hizo 92. Halafu mchanga mwingi unatua pale mto unapoingilia, maji yanapopunguza mwendo. Huo ukingo wa magharibi ndio maingilio?

#8 Mpimaji wa Uyui
Hapana, maingilio yako kaskazini. Magharibi ndiko ng'ombe wanakonywea.

#9 Mzee wa Tuta
Marahaba. Umeona sasa! Ng'ombe ndio jembe lenyewe. Kwato mia tano kila siku zinasukuma tope kuelekea majini. Pale penye mteremko panasagwa, panalala. Mvua haihitajiki hapo.

#10 Jicho la Anga
Kwa nini mnajitesa na mtumbwi? Droni dakika kumi, kazi imeisha.

#11 Fundi Timazi
Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kijiji kina mtumbwi tayari. Halafu droni itakuonyesha ukingo ulipo bila kukuambia kina cha maji pale pembeni ni sm ngapi. Kwa mtumbwi unapiga picha na kutumbukiza fimbo safari moja.

Kama ni kutazama kutoka juu bila gharama, picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure, pikseli yake mita 10, na hupita karibu kila siku 5. Mita 34 ni pikseli tatu na ushee. Haitamaliza ubishi ila itasema kama jibu liko karibu na 16 au 34.

#12 Jicho la Anga
Nimekubali, mkuu. Ila angalizo: tope bichi kwenye setilaiti nalo linafanana na maji. Chukua bendi ya kijani na ile ya miale isiyoonekana iliyo jirani na nyekundu, maji huimeza hiyo ya pili kuliko udongo. Kiangazi anga la Tabora ni safi, picha hazitakosekana.

#13 Kambi ya Dagaa
Swali kwa mleta uzi: picha ya mwezi wa tano na ya mwezi wa nane ulizilinganishaje? Kwa sababu maji yakishuka sm 41, mtumbwi nao umeshuka sm 41, na kamera imeshuka nao! Unatazama miti ile ile kutoka chini zaidi. Nadhani jibu la uzi mzima liko hapo.

#14 Mpimaji wa Uyui
Nilizipandanisha kwa ncha ya kilima kilichoko ng'ambo, kama kilomita 6 kutoka tunaposimama.

#15 Picha na Maji
Basi hapo uko salama. #13 ameona jambo la kweli, lakini halitoi jibu. Sm 41 kwa kilima cha kilomita 6 haifiki hata pikseli moja. Ungetumia miti ya mita 400 ingekuwa pikseli 8 hivi, na kosa lingekwenda upande wa pili: miti ingepanda kwenye fremu pamoja na mstari wa maji, ungedhani ukingo umerudi kidogo kuliko ukweli. Sisi tunatafuta kinachoongeza, si kinachopunguza.

Sasa nijibu hili: kamera ilikuwa mita 1.2 mwezi wa nane pia, au ulikumbuka tu ya mwezi wa tano?

#16 Mpimaji wa Uyui
Mwezi wa tano tulipima kwa futi. Mwezi wa nane hatukupima. Na tulikuwa watatu.

#17 Picha na Maji
Watatu! Haya. Kamera ikiwa chini kwa sm 6 tu, iwe kwa mtumbwi kuzama zaidi au mpiga picha kukaa badala ya kupiga magoti, ukingo ulio mita 146 utausoma kama uko mita 154. Sm 6 zimezaa mita 8.

Ndiyo sababu urefu wa kamera juu ya maji uandikwe kwa kila picha. Funga kamba nyembamba kwenye kamera yenye nati nzito mwisho wake, fundo kwenye mita 1.2. Nati ikigusa maji, bonyeza.

#18 Jicho la Ujiji
Na upepo je? Asubuhi maji yametulia, mchana upepo wa kusini mashariki unayasukuma upande mmoja. Bwawani kwenu upande wa magharibi unaweza kupata au kukosa maji kwa ajili ya upepo tu.

#19 Fundi Timazi
Upepo unasukuma, ila tupime ni kiasi gani. Bwawa la urefu wa kilomita 1, kina cha wastani mita 2, upepo wa mita 8 kwa sekunde: tofauti kati ya ncha na ncha ni kama nusu sentimita. Kwenye mteremko wa 1 kwa 40 hiyo ni sm 20 za ukingo. Hatuwezi kupata mita 18 hapo. Kwenu Ujiji ni habari nyingine, upepo una kilomita mamia za kukimbia juu ya maji.

Na upepo huo wa kusini mashariki ungepeleka maji magharibi, ukingo usogee mbele, usirudi.

#20 Jicho la Ujiji
Nimekusoma. Nakubali kwa bwawa, siyo kwa ziwa.

#21 Kasia la Kibirizi
Kwa kuwa Ujiji imetajwa: huku kwetu jambo hili la mteremko linaonekana waziwazi. Ziwa Tanganyika kwa mwaka wa kawaida hupanda na kushuka karibu sm 80, juu kabisa mwezi wa tano hivi, chini mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Kwenye miamba iliyosimama unaweza usione kitu zaidi ya mstari. Ujiji ambako ardhi imelala, sm hizo hizo zinameza mashamba. Maji yalipopanda 2021 na tena 2024, waliolala tambarare ndio waliohama.

Anayetaka kupiga picha huku ana bahati moja ambayo bwawa la Tabora halina: miamba inaandika yenyewe. Maji ya ziwa hili yana chokaa, yanaacha utando mweupe kwenye jiwe. Maji yakishuka unaona mkanda mweupe mlalo, na chini yake kijani cha majani ya maji yaliyokauka. Ukisogeza boti mita 15 kutoka mwambani, ukasimamisha rula ya rangi mbili kando ya mkanda huo, picha moja inakupa kimo cha misimu kadhaa.

#22 Bandari Kavu
Tena zamani ziwa lilikuwa juu zaidi. Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji 1871 maji yalikuwa karibu, leo mnara wa ukumbusho uko mbali na ufukwe. Lilishuka baada ya Waingereza kuizamisha meli ya Liemba.

#23 Mwana Malagarasi
Hapo umechanganya mambo mawili, ndugu yangu. Ziwa lilishuka kwa sababu ya mto Lukuga upande wa Kongo. Mwaka 1878 maji yalibomoa kizuizi cha mchanga na majani kwenye mdomo wa mto huo, na kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10. Meli ni baadaye sana: ilijengwa Papenburg 1913, ikashushwa majini Kigoma 1915 kwa jina la Graf von Götzen, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 isiangukie mikononi mwa adui. Ikaibuliwa 1924, ikaanza kazi tena 1927 kama Liemba.

#24 Bandari Kavu
Shukrani kwa sahihisho.

#25 Karani wa Mvua
Turudi bwawani. Naomba mtu atuwekee mpangilio wa kamera mtumbwini, maana picha zangu za bwawa zinatoka na ukungu hata kukiwa na jua kali.

#26 Picha na Maji
Ukungu wako una sababu mbili na dawa zake hazifanani.

Ya kwanza ni mtikisiko. Mtumbwi hautulii hata kama wewe umetulia, na miguu mitatu ya kamera ndani ya mtumbwi inaleta mtetemo wote kwenye lenzi. Shika mkononi, viwiko mbavuni, kasi iwe 1/1000 au zaidi, isishuke 1/500. Tundu la lenzi f/8, ISO iachie hadi 800. Fokasi weka kwa mkono kwenye nguzo ya ukingoni kisha bandika utepe isizunguke, kwa sababu fokasi ya kamera yenyewe hupenda kukamata mng'ao wa maji. Piga fremu kumi mfululizo wakati mtumbwi uko katikati ya kuyumba, uchague moja iliyonyooka.

Ya pili ni joto. Kuanzia saa nne asubuhi tope jeusi linachemsha hewa juu yake, mstari wa maji unacheza kama moto wa mkaa. Hakuna kasi ya kamera inayotibu hilo. Piga saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi: hewa imetulia, na kama ukingo wako uko magharibi jua linatoka mgongoni kwako. Ukingo wa mashariki uachie saa kumi na moja jioni, vinginevyo utapiga jua usoni.

Kichujio cha kupunguza mng'ao kinasaidia kuona chini ya maji, lakini hapo hapo kinafuta mng'ao unaokuonyesha maji yanaishia wapi. Ama ukitumie kila mwezi kwa pembe ile ile, ama usikitumie kabisa. Binafsi kwa kazi hii ninakiacha ufukweni. Na saa ya kamera ilingane na ya simu kabla ya kusukuma mtumbwi. Ikipishana, picha na usomaji wa rula havitakutana tena daftarini.

#27 Kasia la Kibirizi
Niongeze la nanga. Nanga moja inaacha mtumbwi uzunguke kama saa ya ukutani. Tumia mbili, moja omo na nyingine tezi. Kamba iwe mara tatu hadi tano ya kina, kwa hiyo kina cha mita 3 kamba ya mita 12 inatosha. Kwenye tope laini jiwe linateleza. Mfuko wa salfeti wenye mchanga kilo 15 unakaa vizuri zaidi kwa sababu unalala. Na jaketi okozi zivaliwe na wote, zisikaliwe kama mto. Bwawa lenye mamba au viboko, asiwepo mtu wa kuteremka kupima kwa miguu kabla wenyeji hawajasema ni salama.

#28 Kambi ya Dagaa
Kuna kitu kimoja hakijatajwa. Mstari wa maji huo mnaouchagua kwenye picha ni upi? Tope lililoachwa na maji jana linang'aa kama maji. Nyuma yake kuna mkanda wa unyevu mweusi, kisha tope lililopasuka. Ni mistari mitatu, na kila mtu anachagua wake. Maji yakiwa shwari, tafuta taswira majini: kigingi au nyasi na taswira yake vinakutana kwenye mstari wa kweli. Pasipo taswira si maji.

#29 Karani wa Mvua
Hii ya mistari mitatu imenifungua macho. Ahsante.

#30 Mpimaji wa Uyui
Wakuu nimerudi bwawani jana, nimefanya mlivyosema. Tofauti ya siku chache na zile picha nimeiondoa kwa vigingi tulivyoacha ukingoni siku ya kupiga.

Kwa futi ya kamba, ukingo wa magharibi ulirudi mita 26, siyo 34. Kwa hiyo #17 yuko sahihi au yuko karibu sana: mita 8 zilikuwa za kamera.

Pili, mwezi wa tano tulipigilia msumari kwenye zege la utoro (njia ya kutolea maji yaliyozidi bwawani) na kupima kwa mpira wa maji tofauti ya kimo kati ya msumari na sifuri ya rula. Jana tofauti imeongezeka sm 6. Rula imezama! Maana yake maji yalishuka sm 47. Kwa mteremko wa 1 kwa 40 hiyo ni mita 18.8. Bado mita 7 hazina mwenyewe.

Mashariki nimepima kwa futi: mita 6.1.

#31 Fundi Timazi
Hongera kwa kurudi na vipimo. Ila hizo mbili haziketi pamoja. Mashariki ni changarawe ngumu, mteremko 1 kwa 15. Maji yangeshuka sm 47 ukingo ungerudi mita 7. Umepata 6.1, ambayo ni sm 41. Mashariki inasema rula haikuzama!

Mpira wa maji nao unakosea. Kiputo kimoja cha hewa ndani ya mpira wa mita 30 kinaweza kukuibia sentimita kadhaa, hasa mpira ukiwa umelala juani kipande kimoja na kipande kingine kivulini, au umejikunja mahali. Kabla ya kuamini, shikanisha ncha mbili za mpira pamoja: maji yakikaa sawa ndiyo uanze. Kisha pima kwenda na kurudi. Ulifanya hivyo?

#32 Mpimaji wa Uyui
Kwenda tu. Kurudi hatukupima.

#33 Mwana Malagarasi
Mimi nina wasiwasi na fimbo, siyo rula. Fimbo ya mwezi wa tano ilikuwa na ncha gani?

Nauliza kwa sababu hii: pale mita 26 kutoka ukingoni, kwa mteremko wa 1 kwa 40, fimbo ilisoma sm 65. Siku ya picha mahali hapo hapo ndipo penye ukingo. Yaani mwezi wa tano kina cha kweli pale kilikuwa sawa na maji yaliyoshuka: sm 47 kama rula ilizama, sm 41 kama haikuzama. Kwa vyovyote fimbo iliongeza sm 18 hadi 24. Fimbo nyembamba kwenye tope laini inafanya hivyo bila wewe kusikia. Inapita kwenye uji kabla ya kugusa kitu kigumu. Na kadiri unavyoingia ndani tope linazidi kuwa laini, kosa linakua, mteremko unaonekana mkali kuliko ulivyo. Mashariki hakuna tope, ndiyo maana hesabu ilikaa.

#34 Mzee wa Tuta
Na hilo tope laini limetengenezwa na nani? Ng'ombe. Tunasema jambo moja.

#35 Mwana Malagarasi
Si moja, mzee wangu. Wewe unasema sura ya ukingo imebadilika kati ya mwezi wa tano na wa nane. Mimi nasema ilikuwa hivyo tangu mwezi wa tano na fimbo haikuona. Picha inaweza kutuamua: nyayo za kwato ziko hadi wapi? Kama mita 26 zote zimesagwa, una hoja. Kama zinaishia mita 10, basi.

#36 Mpimaji wa Uyui
Kwenye picha kwato zinaonekana kwa wingi mita 15 za mwanzo kutoka nchi kavu, halafu zinapungua. Lakini tope lenyewe likikauka linashuka na kupasuka. Nyufa zina upana wa vidole viwili, nimeingiza kalamu ikazama yote.

#37 Fundi Timazi
Tope linalokauka kusinyaa ni jambo la nne sasa. Ardhi ikisinyaa sm 5 baada ya maji kuondoka, ukipima mteremko leo utapata mwingine kabisa. Hapo usitumie kipimo cha nchi kavu kuhukumu kipimo cha majini.

#38 Karani wa Mvua
Naomba kuongeza upande wa maji yenyewe. Sm 47 kwa siku 92 ni mm 5 kwa siku. Sm 41 ni mm 4.5. Kiangazi cha Tabora mvuke peke yake unaweza kula mm 5 au zaidi kwa siku. Basi pampu za bustani zimechukua nini? Pampu moja ya inchi 3 ikitoa mita za ujazo 40 kwa saa, saa 6 kwa siku, ni mita za ujazo 240. Kwenye hekta 20 hiyo ni mm 1.2 kila siku kwa pampu moja. Ng'ombe siwahesabu: 500 wakinywa lita 30 kila mmoja hawafiki hata mm 0.1. Kama kuna pampu mbili tu, maji yalipaswa kushuka zaidi ya sm 60. Mimi nadhani rula imezama kuliko hizo sm 6.

#39 Fundi Timazi
Na ukingo wa mashariki utauweka wapi?

#40 Karani wa Mvua
Mashariki ni mita 6.1 kutoka kigingi kipi? Kama kigingi cha mwezi wa tano kiliwekwa siku ya mawimbi, nusu mita ya kosa ni rahisi, na nusu mita hapo ni sm 3 za kimo. Pia mleta uzi hajatuambia pampu ni ngapi.

#41 Mpimaji wa Uyui
Pampu zinabadilika, wiki nyingine moja, nyingine tatu. Nyingine zinafanya kazi usiku, sina daftari lake. Kigingi cha mashariki ni mti mkavu, haukusogea, lakini ni kweli sikuandika hali ya mawimbi siku ile.

Mwezi huu tunafanya hivi: nguzo za chokaa jozi mbili badala ya GPS, watu wawili tu mtumbwini, kamba yenye nati kwenye kamera, mpira wa maji kwenda na kurudi, na fimbo yenye sahani chini. Bomba la rula tutaliacha lilivyo, ila pembeni tutasimamisha jipya kwenye zege ili tuone kama la zamani linaendelea kuzama. Swali la mwisho kwa leo: sahani ya fimbo iwe na ukubwa gani? Ndogo itazama, kubwa itaelea kwenye majani.

#42 Mwana Malagarasi
Bati zito la duara la kipenyo cha sm 20, ulitoboe matundu sita ya kidole ili maji yapite wakati wa kushusha, na ufunge kwa nati mbili chini na juu ya bati. Usisukume kwa mkono, maana mkono wa leo si mkono wa mwezi ujao. Weka uzito wa kilo 2 juu ya fimbo, achia taratibu, subiri ihesabiwe hadi tano, soma. Penye majani zungusha fimbo robo duara kabla ya kusoma.

Na mara ya kwanza pima kila kituo mara mbili, kwa sahani na kwa fimbo tupu kama ile ya mwezi wa tano. Tofauti ya hizo mbili iandike kwenye safu yake.

#43 Kasia la Kibirizi
Piga picha ya fimbo hiyo kila kituo, mkanda wa maji ukionekana kwenye namba, na kilima nyuma. Tutaomba zote kumi na moja, kuanzia ukingoni hadi mita 40.